Uso wa Kwanza kwa Afya

Picha yenyewe niliipiga mimi. Nasema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia ya kuambiwa. Nilikuwa mpiga picha wa maabara ya saikolojia katika chuo chetu kwa miaka kumi na mmoja, na tisa kati ya hiyo niliitumia chini ya mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Bi Rula.

Jina lilimkaa. Mfukoni mwa koti lake jeupe hamkukosekana rula fupi ya chuma, na mtu akisimama mbele yake, awe mgeni rasmi au mfagiaji, uliona macho yake yakitembea kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi kidevu, kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa. Kazi yake ilikuwa nyuso. Hakuzitibu wala hakuzipamba. Alichunguza watu wanaona nini wanapozitazama: kwa nini mtu akiingia chumbani, kabla hajafungua mdomo, tumeshamwamini au tumeshamwogopa; kwa nini sura hii tunaiita nzuri na ile tunaipita kama nguzo ya umeme.

Profesa aliyeongoza maabara aliamini jibu liko mbali sana nyuma, kwa mababu wa mababu, kabla ya mtu wa kwanza kushika jembe. Waliochagua wenzi wenye afya walizaa watoto wakakua. Waliokosea, ukoo wao ulikatika. Kwa hiyo, alisema Profesa, sisi tuliobaki ni wajukuu wa watu waliojua kusoma afya usoni, na jicho hilo tumelirithi. Akifika hapo hugonga meza kwa kidole mara moja, na darasa huandika.

Mtaani kwa Bi Rula hakuna aliyeielewa kazi hiyo. Siku moja jirani alimletea picha ya mchumba wa binti yake amtazamie kama ni mwaminifu.

"Mama, mimi si mpiga ramli."

"Basi miaka yote hiyo unasomea nini?" jirani akauliza, akaondoka na picha yake amenuna.

Bi Rula alikuwa na mama na mdogo wake mmoja wa kiume. Baba aliwaacha mapema, yaani alifariki, na mama akawalea kwa mshahara wa mpishi wa shule. Dada alishika kitabu, kaka alishika chuma. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye kibanda chake cha mageti na madirisha kwenye kona ya barabara, na watu walimwita Cheche. Aliishi na mama yao. Alikuwa mtu wa mzaha, wa kukuzungusha geti lako wiki tatu halafu akakuchekesha mpaka ukasahau ulikuja kugomba.

Mwaka huo maabara ilianza utafiti mkubwa kuliko yote. Watu mia na ishirini wangepigwa picha ya uso na kutolewa damu. Kisha watu wengine mia tatu, wasiowajua, wangezitazama zile picha kwenye kompyuta na kumpa kila mmoja alama kuanzia moja hadi saba: ana afya kiasi gani, anapendeza kiasi gani, anaaminika kiasi gani. Mwisho alama zingelinganishwa na damu. Kama Profesa alisema kweli, wenye uso wa afya wangekuwa na damu ya afya.

Damu ilipimwa hospitali ya jirani na majibu yakarudi katika bahasha zilizofungwa, kila moja na namba tu. Bahasha zikaingia kwenye kabati la chuma mwisho wa ukumbi, na ufunguo akakaa nao Profesa. Kanuni ilikuwa hivi: asizione mtu yeyote mpaka alama zote zikusanywe, maana mtafiti akijua nani mgonjwa anaweza kuvujisha siri hiyo kwa sauti au kwa jicho bila hata kujijua. Ni kanuni nzuri. Hata leo nasema ni nzuri. Ila katika kurasa arobaini za mpango wa utafiti hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nani atamwambia mshiriki ikiwa damu yake ina tatizo. Fomu ilisema tu kwamba majibu hayatatolewa, na kila mtu akatia sahihi.

Tulipungukiwa wanaume. Wanafunzi walikuwepo, lakini Bi Rula alitaka watu wa kazi, wa miaka thelathini na kitu. Akambembeleza mdogo wake.

"Dada, mimi nikapigwe picha kama mahabusu?" Cheche alilalamika. Lakini alikuja, saa mbili asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi na mama.

Chumba changu kilikuwa na pazia la kijivu, taa mbili, na kiti nilichokifunga sakafuni kwa skrubu ili umbali usibadilike. Kila aliyeketi alifungwa kitambaa cheusi shingoni kuficha nguo, na aliambiwa asicheke. Huyu nilishindwa naye. Nikimwambia tulia, mashavu yanatetemeka.

"Kaa kama uko benki unasubiri namba yako," nikamwambia.

"Benki gani? Mimi benki yangu ni godoro."

Bi Rula naye akaangua kicheko. Kisha akamsogelea, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye taa. "Hebu tazama ulivyonawiri! Uso umejaa, unang'aa. Mama anakulisha nini?"

"Ni utu uzima, Dada. Nimenenepa mpaka jioni viatu vinanibana."

Tukacheka sote watatu. Nikapata picha yangu hatimaye, ametulia, macho yametazama mbele. Akawa uso namba arobaini na sita. Muuguzi akamtoa damu, akala biskuti mbili za washiriki, akaiba ya tatu, akaenda zake.

Miezi ikapita. Alama ziliingia kidogo kidogo, na mimi na Bi Rula tulizitazama kwenye jedwali kama watu wanaofuatilia ligi. Mwezi wa tano wa utafiti namba arobaini na sita ilikuwa juu ya wote kwa afya: sita nukta mbili katika saba. Hapakuwa na aliyemkaribia. Bi Rula alimpigia simu papo hapo, akaweka spika ili nami nisikie.

"Watu mia tatu wanakutazama, na mpaka sasa wewe ndiye wa kwanza kwa afya."

"Niandikie cheti," sauti ya Cheche ikatoka, chovu kidogo. "Nimpe Mama. Ananisumbua eti mgonjwa."

Na ni kweli mama alikuwa akisumbua. Jumapili ya juma lile lile Bi Rula alipokwenda nyumbani, mama alimvuta jikoni. "Mdogo wako hali chakula. Analala mchana kibandani. Akiamka asubuhi macho yamemvimba."

"Mama, huyo ana afya kuliko sisi wote. Anachoka kwa sababu anafanya kazi ya watu wawili."

Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno, na kila aliposimulia hakuongeza wala kupunguza.

Mwezi wa saba alama zilitimia. Profesa akaleta ufunguo, akafungua kabati, akatuachia bahasha mezani, akaenda kufundisha. Bi Rula alifungua na kusoma, mimi nikaandika kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha: namba ya mtu, chembe za damu, sukari, ini, figo. Tukafika arobaini na tano. Akafungua iliyofuata, akasoma mistari mitatu, akaishia hapo.

"Figo?" nikamkumbusha.

Akasoma. Nikaandika, kisha nikafuta, nikidhani nimekosea nukta. "Rudia."

Akarudia. Kipimo kilikuwa mara tano ya kiwango cha mtu mzima wa kawaida.

Alisema chupa zimebadilishana. Alilisema mara tatu. Akampigia muuguzi aliyetoa damu, na muuguzi akaangalia daftari lake, akasema hazikubadilishana, siku ile mwanamume alikuwa mmoja tu. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa kazi: "Huyo mtu uso wake ukoje? Haujavimba? Figo zikishindwa, maji hukaa mwilini. Asubuhi huonekana usoni, jioni yanashuka miguuni."

Bi Rula akakata simu. Alikuwa na picha nyingine ya mdogo wake kwenye pochi, ya miaka miwili nyuma. Akaiweka mezani, kando yake akaweka picha yangu, nikamsaidia kuzilinganisha ukubwa. Akatoa rula. Akapima kutoka sikio hadi sikio, akapima mashavu, akapima chini ya macho. Aliandika vipimo pembeni mwa karatasi kwa penseli, safu mbili, kwa mwandiko wake ule ule mdogo ulionyooka. Sikuwa na haja ya kuuliza. Kile ambacho watu mia tatu walikiita afya, kile ambacho sisi watatu tulikicheka mbele ya taa, kilikuwa maji.

Twende, aliniambia, na tukaenda.

Kibanda kilikuwa wazi lakini moto haukuwaka. Cheche alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye geti lisilokwisha, na ile ngao nyeusi ya kukinga uso mapajani. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Alipomwona dada yake katikati ya siku ya kazi, akiwa na koti jeupe barabarani, alitabasamu.

"Umeleta cheti?"

"Inuka. Tunaenda hospitali."

"Nimalizie hili geti la watu."

"Inuka, mdogo wangu, nakuomba."

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mwenye haraka na asiyezunguka maneno. Aliitazama karatasi ya bahasha, akatazama tarehe. "Hii ni ya miezi saba iliyopita. Ilikuwa wapi?"

Bi Rula akasema: "Kabatini."

"Wakati huo tungeweza kuzuia figo zisife haraka, pengine kwa miaka. Sasa zimekwisha. Ataanza mashine ya kusafisha damu wiki hii."

Mara tatu kwa juma Cheche alilazwa kwenye kiti cha ngozi, mrija shingoni, damu ikitoka na kurudi. Uso ulinywea. Katika mwezi mmoja ukawa uso wa mtu mwingine, mifupa tupu na macho, na mama akasema dawa za hospitali ndizo zinazommaliza, maana aliingia akiwa amenona. Bi Rula alipimwa akaonekana anafaa kumpa figo moja. Tarehe ikapangwa. Alikuja maabara siku hiyo ana furaha ya ajabu, ya kushika vitu na kuviacha.

Kabla ya tarehe hiyo alimwambia mdogo wake habari ya kabati. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta magazeti. Alimweleza bila kujitetea, bahasha, ufunguo, kanuni.

Cheche alisikiliza akitazama mashine. "Dada, ulijua?"

"Sikujua. Ila ilikuwa hatua kumi na tano kutoka mezani kwangu."

"Basi hukujua." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Ila mimi ningependa kujua," akasema. "Ilikuwa damu yangu." Kisha: "Usimwambie Mama."

Siku tisa kabla ya upasuaji, vijidudu viliingia kwa njia ya ule mrija. Homa ilipanda asubuhi, na siku ya pili alasiri akafariki. Kuanzia bahasha kufunguliwa mpaka hapo, majuma kumi na moja.

Mama alitaka picha kubwa ya kuwekwa mbele ya watu msibani. Wakatafuta. Cheche alikuwa mtu wa kupiga wenzake picha, na zake zote alikuwa nyuma ya watu, au amevaa ngao, au ametoa ulimi. Ile ya kwenye pochi ilikuwa ndogo, ikikuzwa inafifia; moja tu ilikuwa safi, ile niliyoipiga mimi. Bi Rula ilibidi aandike barua kuomba picha ya uso wa ndugu yake, na Profesa, nimtendee haki, aliikubali siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeichapisha. Nilipoileta, mama aliishika kwa mikono miwili, akaipangusa kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi.

"Tazama mwanangu," akawaambia wageni. "Tazama alivyokuwa amenawiri."

Bi Rula akatoka nje. Nilimkuta nyuma, kwenye karo la kufulia, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Alimwambia mama baada ya mwezi. Agizo la mdogo wake lilimlemea, na siri nyumbani ni kama moshi, hata ukiziba mlango utatokea dirishani. Tena mama angeweza kuisikia kwa mwingine. Mama alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo karatasi ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo, Mama."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Mama akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Kuanzia siku hiyo aliongea na binti yake maneno ya lazima tu. Chumvi imekwisha. Mlango unagongwa.

Chuoni mambo yalienda kwa njia yake. Profesa alimwita ofisini akasema namba arobaini na sita itolewe kwenye hesabu.

"Yeye ndiye wa kwanza kwa uso na wa mwisho kwa damu," Bi Rula akajibu. "Hilo ni jibu, Profesa. Si uchafu wa kufagia."

"Uchungu ndio unaosema, Daktari. Mtu mmoja hawezi kuangusha mia na kumi na tisa. Halafu ndugu wa mtafiti hakupaswa kuwemo tangu mwanzo. Umemwingiza wewe."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomchoma. Bila Cheche, hesabu zilionyesha kwamba nyuso zinasema ukweli kidogo, kidogo sana, kiasi cha kutosha kuandikiwa makala. Makala ikaandikwa. Bi Rula aliondoa jina lake. Akaiandikia kamati ya maadili ya utafiti barua ya kurasa mbili, akieleza kosa la mpango na kosa lake mwenyewe la kumwingiza ndugu, na akadai kwamba bahasha zote zisomwe na daktari mara moja.

Zilisomwa. Wakapatikana wengine wawili wenye hali mbaya. Mmoja, muuza nguo wa sokoni, alipigiwa simu akaanza dawa, na mpaka leo anauza nguo zake. Wa pili, namba tisini na moja, simu yake ilikuwa imezimwa. Bi Rula alikwenda kwenye anwani aliyoandika. Wapangaji wapya walisema alihama. Picha yake hakuruhusiwa kumwonyesha mtu, kwa ajili ya siri ya mshiriki. Basi akawa anaitafuta sura ile kwa kichwa tu. Mchana wa mapumziko alisimama vituoni na milango ya masoko, akitazama wanaume wakipita. Nilimfuata mara moja nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Kaka, nilidhani nazijua nyuso," akaniambia. "Nimeshasimamisha watu wanne leo. Hakuna hata mmoja aliyefanana naye nilipomkaribia."

Hakumpata. Miezi minane baadaye aliacha kumtafuta, au aliacha kuniambia.

Kamati ilimfungia miaka miwili asifanye utafiti wowote unaohusu watu. Pia ilibadili kanuni: sasa damu ikipimwa, daktari asiyehusika na utafiti huisoma ndani ya siku saba, na mwenye tatizo huitwa. Mstari mmoja tu katika mpango. Miaka miwili ilipokwisha hakurudi kwenye nyuso. Anafundisha takwimu mwaka wa kwanza, chumba cha chini kabisa, wanafunzi mia mbili wanaochelewa. Hao hawamjui kwa jina la Bi Rula. Wanasema tu ni mkali na hatazami mtu usoni anapoongea naye.

Mimi niliacha maabara baada yake. Napiga picha za vitambulisho, mlango wa pili kutoka posta. Mtu akikaa mbele yangu mashavu yamejaa, uso unang'aa, kazi yangu ni kumwambia anyanyue kidevu. Wengine nimewaambia wakapimwe. Watatu walikasirika, mmoja alirudi kunishukuru ingawa hakuwa na ugonjwa wowote.

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali mama yao, maana nilisikia haamki vizuri. Bi Rula alikuwa amemwinamia kitandani, amemshika kidevu, amemgeuza kwenye dirisha ili amwone. Mama akautoa ule mkono.

"Usinitazame," akasema. "Nipeleke nikapimwe."

Tukampeleka. Ilikuwa shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Wakati wa kurudi mama alimshika binti yake mkono njia nzima. Barabara ile ina mashimo, naye miguu yake haina nguvu, kwa hiyo siwezi kusema ulikuwa mkono wa namna gani. Walipofika mlangoni aliuachia, akaingia kwanza.